Soma Ubao Kwanza

Kwa miaka kumi na mmoja nimekaa ofisi moja na mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mwanafunzi swali. Si kwamba majibu alikuwa hana. Alikuwa nayo yote, tena kichwani: nani ana mtihani wa marudio, mhadhiri gani kabadilisha chumba, fomu ipi inataka picha mbili na ipi inataka tatu. Lakini mwanafunzi akifika dirishani na kufungua mdomo, yeye huinua penseli yake, upande wenye ufutio, akaielekeza kushoto kwenye korido, kisha akasema maneno matatu: "Soma ubao kwanza."

Wanafunzi wakambatiza jina hilohilo, Soma Ubao, wakidhani halijui. Alilijua. Alikuwa ameliandika kwenye kikombe chake cha chai kwa rangi ya kucha.

Ofisi yetu ni ya usajili wa idara, ghorofa ya chini, ina meza mbili, makabati manne ya chuma na dirisha lenye nondo. Chini ya nondo kuna tundu la nusu duara, mkono unapita, kichwa hakipiti, ingawa kila mwaka hakosi mmoja wa kujaribu. Dirisha lilikuwa lake. Mimi kazi yangu mafaili na mhuri.

"Hiki ni chuo, kaka," alikuwa akiniambia, kiti kinalia chini yake. "Chekechea iko kule barabarani, ina bembea na kila kitu. Akitaka kulishwa kwa kijiko, aende kule."

Siku moja alikuja baba mmoja, koti na tai, ameongozana na kijana wake mwenye ndevu kunishinda mimi. "Samahani, mama. Mwanangu atafanyia mtihani chumba gani?" Soma Ubao akamtazama kijana, akamtazama baba, akauliza kwa upole: "Mtihani ni wa nani kati yenu, mzee?" Kijana alicheka. Baba hakucheka. Mimi nilijificha nyuma ya faili.

Na niseme kweli, siku nyingi nilikuwa upande wake. Wewe kaa kwenye dirisha lile wiki moja tu. "Mama, mtihani wa saa tatu unaanza saa ngapi?" "Mama, hapa palipoandikwa jina, naandika jina gani?" Kuna mmoja aliwahi kuomba tumpigie simu asubuhi ya mtihani, ana usingizi mzito. Watu wazima hao, wana vitambulisho vya kupigia kura. Ukimjibu mmoja leo, kesho watakuja kumi, na keshokutwa utakuwa unawafunga kamba za viatu. Akili ni nywele, wahenga wamesema, kila mtu ana zake. Lakini wapo waliokuja chuo wakiwa wameziacha nyumbani kwa mama.

Kilichonichosha mimi ni ubao wenyewe. Ubao ule ulikuwa na unene wa godoro. Soma Ubao aliweka sheria, na sheria zake zilikuwa ngumu kuliko za mkuu wa chuo: tangazo habandui mtu ila aliyelibandika. Sasa watu wanabandika, nani anarudi kubandua? Ratiba za miaka mitatu nyuma, vyumba vya kupanga, simu zilizopotea, mechi zilizokwisha chezwa na walioshindwa wakasahau. Kulikuwa na tangazo la mbwa aliyepotea, jina lake Jenerali, ambaye kama bado yu hai basi sasa ni mzee wa kustaafu. Mara tatu nilimwambia dada yangu yule wa ofisini tuusafishe ubao. Mara tatu aliniambia nishughulike na mhuri. Nami nikashughulika na mhuri. Hapo sina wa kumlaumu.

Lakini matangazo yake yeye aliyaandika kwa heshima zote. Kila karatasi aliyoibandika aliiwekea pembeni, kwa kalamu nyekundu, tarehe na saa. "Ili mtu asije akasema halikuwepo," alikuwa akisema.

Mwaka jana akaja mtu akasema halikuwepo.

Huyo tulimwita Mama Pacha, kwa sababu ana pacha na kwa sababu alikuwa na umri wa kuitwa mama kati ya watoto wale. Asubuhi alikuwa anapiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni, mchana anakuja darasani na mikono inanuka sabuni. Alifika dirishani siku moja baada ya mwisho wa kurudisha fomu ya mafunzo kwa vitendo. Fomu hiyo si mchezo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu asipoirudisha, hapangiwi mahali pa kwenda kujifunza kazi, na asipokwenda hahitimu. Anarudia mwaka mzima.

"Mama, hilo tangazo sikuliona," alisema.

Penseli ikainuka. "Soma ubao."

"Nimesoma, mama. Tangu juzi nausoma. Nimesimama pale dakika arobaini, nimesoma mpaka tangazo la mbwa."

"Basi soma tena."

Hakupiga kelele. Aliukumbatia mkoba wake kifuani, akaondoka, na mwaka wake ukaondoka naye. Wenzake wakaenda mbele. Soma Ubao alikunywa chai yake, akasema wanafunzi wakubwa ndio wabaya zaidi kwa visingizio. Nilirudi kwenye mhuri wangu. Sikuwa na ushahidi, na kwa ukweli sikuutafuta.

Sasa njoo kwa Kitinda.

Kitinda ni kitinda mimba wa Soma Ubao, binti wa miaka ishirini na mmoja, mpole, mrefu, anayeniita mjomba. Alijiunga na idara yetu, na hapo ndipo nilipoyaona maajabu. Mama yule, ambaye angemwacha mtoto wa mtu azunguke korido mpaka soli iishe, alimfanyia mwanawe kila kitu. Masomo alimchagulia. Ratiba alimwandikia kwa mkono na kuipaka rangi, kijani mihadhara, njano maktaba. Fomu zote alizijaza mwenyewe na kuziingiza kwenye faili bila hata kupita dirishani. Saa nne kasoro kila siku utasikia simu: "Umefika darasani? Upande wa kulia, mlango wa pili. Kaa mbele."

"Dada," nilimwambia siku moja, "mganga hajigangi?"

"Wewe huna mtoto chuoni," akanijibu, akaendelea kupaka njano.

Mkuki kwa nguruwe. Nilimeza maneno yangu na chai ikanipalia.

Mwezi huu uliopita mama yake Soma Ubao, bibi mzee kabisa, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Soma Ubao akachukua likizo ya wiki mbili kwenda kumuuguza mji mwingine. Aliniachia maagizo kurasa nne. La mwisho lilikuwa na mstari chini yake: *Usimpigie mwanafunzi yeyote simu kumkumbusha chochote.* Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu fomu ya mafunzo kwa vitendo ya Kitinda alikuwa ameshaijaza, imelala kwenye droo yake, na siku ya mwisho ilikuwa mwisho wa mwezi. Droo alifunga. Ufunguo alikwenda nao.

Jumatatu yake mkuu wa idara, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akaisogeza siku ya mwisho. Fomu zirudi Ijumaa hiyohiyo, saa sita mchana, ikipita dakika moja hazipokelewi. Nililiandika tangazo, nikaweka tarehe na saa kwa kalamu nyekundu kama nilivyofundishwa, nikalibandika. Jumanne vijana wa michezo wakabandika tangazo la mechi, kubwa kama meza, juu ya langu.

Niliona. Nilisimama mbele yake na faili mkononi, nikakumbuka sheria, nikapita zangu. Na kuhusu Kitinda, simu ya mama yake ninayo. Sikupiga. Nilijiambia ni maagizo, lakini moyoni kulikuwa na kitu kingine, na nakisema sasa kwa kuwa kinaniwasha: nilitaka siku moja tu dada yangu yule aonje.

Kufika Ijumaa saa nne, katika wanafunzi hamsini na wanne, hamsini na watatu walikuwa wamerudisha. Waliambiana wao kwa wao, kama kawaida. Aliyebaki ni mmoja, na nilijua ni nani bila kutazama orodha. Saa nne na nusu nikaanza kutazama saa ya ukutani kila dakika. Kumwonjesha mama ni jambo moja. Mwaka ambao ungepotea ungekuwa wa mtoto.

Mama Pacha akatokea dirishani. Yeye fomu yake aliirudisha Jumatatu, wa kwanza kabisa, na tangu hapo kila siku alikuja kuhakikisha haijaota mbawa.

"Iko, Mama Pacha."

"Nionyeshe."

"Jana nilikuonyesha."

"Jana ilikuwa jana, kaka. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Macho yake yakashuka kwenye orodha, yakasimama. "Mbona huyu binti wa mama hapa hana alama?"

Nami, Mungu anisamehe, miaka kumi na mmoja ya kukaa na mtu si mchezo. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe ukaelekea kwenye korido.

Mama Pacha alinitazama vile mtu anavyotazama maziwa yaliyochacha. "Hata wewe?" akasema. Akageuka, akatoka karibu anakimbia.

Saa tano na dakika ishirini akarudi na Kitinda, wote wawili wanahema. Alimtoa maktaba.

"Mjomba, fomu si mama anayo?"

"Iko kwenye droo. Droo imefungwa. Ufunguo uko kwenye mkoba wa mama yako, na mkoba uko mwendo wa saa tano kutoka hapa."

"Kwa hiyo mama akirudi..."

"Mama akirudi wewe utakuwa unarudia mwaka! Huna hata rafiki mmoja wa kukuambia?"

"Walidhani najua," alisema, macho chini. "Nani amwambie mtoto wa Soma Ubao habari za ubao?"

Nikampa fomu mpya. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama, akanitazama.

"Namba yangu ya usajili ni ipi?"

"Miaka mitatu, Kitinda!"

"Huwa mama anaandika."

Nilihisi kichwa kinavimba. Namba nilimpa. Somo kuu alilikumbuka mwenyewe, tukashukuru. Kisha akafika kwenye kile kipengele ambacho wengine huwachukua wiki: *Mahali unapopendekeza kwenda, na sababu zako.* Mistari mitano mitupu. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika ishirini na tano.

"Mama aliandika hospitali kuu, chumba cha kumbukumbu," alisema.

"Basi andika."

"Sababu zake sizijui."

"Andika zako!"

"Sina, mjomba. Sitaki hospitali."

"Unataka nini?"

"Sijui." Na akaanza kulia, binti mzima, machozi yanadondokea kwenye fomu ambayo ilikuwa ya mwisho kwenye rafu. Nilitaka kumnyang'anya kalamu niandike chochote. Nilitaka pia kumfukuza. Miaka yote ile nilikuwa nimeona njia mbili tu, ama umjazie mtu fomu ama umwonyeshe ukuta, na zote mbili zilikuwa zimenikwama mkononi.

Mama Pacha hakufanya lolote kati ya hayo. Aliegemeza kiwiko kwenye kizingiti cha dirisha, akauliza kama anayeuliza bei ya sabuni: "Wewe binti, pale maktaba nilikukuta unasoma nini?"

"Ramani."

"Za mtihani?"

"Hapana. Za zamani. Za mji. Unaona barabara zilikopita kabla hazijahamishwa." Akafuta pua. "Nazipenda tu."

"Na ramani kama hizo zinatunzwa wapi?"

Kitinda akaweka kalamu chini. Kisha akasema, taratibu, "Ofisi ya ardhi. Wana chumba kizima. Zinaoza, hakuna anayezipanga."

"Haya," Mama Pacha akasema, "mimi nikae kimya sasa."

Kitinda aliandika mistari mitano, akaomba karatasi ya nyongeza. Saa sita kasoro dakika nane nilipiga mhuri kwa nguvu mpaka kikombe cha Soma Ubao kikaruka.

Alirudi baada ya wiki moja, amekonda, bibi anaendelea vizuri. Hata mkoba hakuuweka chini.

"Ramani!" alinifokea. "Mwanangu akafukue karatasi zenye mende! Na wewe, kaka, simu yangu huna?"

"Ulinikataza."

"Nilikukataza kuhusu wanafunzi!"

"Na yeye ni nani?"

Akamgeukia Kitinda, aliyekuwa amesimama mlangoni akingoja zamu yake ya kufokewa. "Na wewe! Siku zote unanisikia nasema. Kwa nini hukusoma ubao?"

"Nilisoma, mama."

"Usinidanganye."

"Nilisoma. Ulipoondoka nilijiambia nitausoma kila siku. Jumatano nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Halikuwepo."

Nilimwona Soma Ubao akitikisika kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Maneno yale alikuwa ameshayasikia mwaka jana, dirishani. Alinitazama mimi.

"Lilikuwepo," nikasema. "Chini ya mechi. Nililiona likifunikwa."

Alitoka nje. Hilo peke yake lilikuwa jambo, maana upande ule wa wanafunzi alikuwa haendi ila kubandika. Alikwenda mpaka kwenye ubao na mkasi wa ofisini, akang'oa tangazo la mechi. Chini yake langu, na tarehe yake nyekundu. Ningedhani ataishia hapo. Akang'oa lililofuata, na lililofuata. Pini zilikuwa zinamwagika sakafuni, mwanafunzi anayepita anaruka. Jenerali naye akaenda. Nilimfuata nimwambie inatosha, na nikamkuta ameacha kung'oa.

Mkononi alikuwa na ratiba ya mitihani ya mwaka jana. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake mzuri: tarehe tatu, saa nane mchana. Na pale ilipokuwa imebandikwa, nyuma yake, limeshikwa na pini zilezile, lilikuwa tangazo la fomu za mafunzo kwa vitendo. Tarehe tatu, saa tatu asubuhi. Mwandiko uleule. Waliopita asubuhi waliliona. Mtu anayepiga pasi asubuhi na kuja chuo mchana asingeliona hata angesimama mwaka.

"Nilibandika mwenyewe," alisema. "Kaka, nililifunika mwenyewe."

Ningekuwa na haki ya kumlaumu, labda, kama ningekuwa nimewahi kubandua hata karatasi moja.

Mama Pacha alikuja saa nane, kama kawaida yake, akatukuta bado tuko pale, ubao mtupu, karatasi zimetufika vifundoni. Soma Ubao alimpa zile karatasi mbili. Mama Pacha alisoma moja, akasoma ya pili. Akarudi kwenye saa zilizoandikwa pembeni, ya asubuhi na ya mchana, akazipitishia kidole.

"Nilikuambia, mama," alisema.

"Uliniambia. Nisamehe, mwanangu."

"Wenzangu wamehitimu mwezi uliopita. Nilikwenda kuwapigia makofi." Hakuinua sauti. "Wanangu waliniuliza mbona mimi sikuvaa joho, nikawaambia mama yenu hasomi ubao."

Soma Ubao alifunika mdomo kwa mkono. Mama Pacha alimrudishia karatasi zake. Aliukumbatia mkoba kifuani vilevile kama mwaka jana, akavuta pumzi.

"Nilikuja kuuliza, mtihani wa Jumatano ni chumba gani?"

Mkono wa Soma Ubao ulianza kuinuka. Ukaishia njiani, kwa sababu pale ulipokuwa unaelekea hapakuwa na kitu isipokuwa matundu ya pini.

"Chumba namba nne," alisema. "Ghorofa ya kwanza. Saa tatu kamili, lakini uwahi robo saa."

Mama Pacha aliandika kwenye kiganja chake, akaenda zake bila kushukuru.